Mwanamke Aliyepanda Jabali Alfajiri

Kwenye kituo cha kununulia pamba, watu waliijua miguu ya Nyamizi Salu kabla hawajalijua jina lake. Kazi yake ilikuwa kushindilia. Gunia kubwa kuliko mtu lilining'inizwa kwenye nguzo nne, yeye akaingia ndani, wenzake wakamwaga pamba kutoka juu, naye akaikanyaga mpaka ikashikana kama tofali. Kadiri gunia lilivyojaa ndivyo naye alivyopanda, hadi kichwa kikatokeza, kisha mabega, kisha akaruka chini na kuanza gunia jingine. Aliifanya kazi hiyo misimu kumi na minne. Zamani mnunuzi alikuwa mmoja, ushirika. Lakini tangu biashara ilipofunguliwa, kila mwenye lori na mzani alikuja kununua, na kijiji chao, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Bariadi mjini, kikawa na vituo vitatu vinavyogombea miguu ile ile.

Alizaliwa Bukundi, upande wa Meatu, nchi kavu ambako mtoto wa kike anajua njia ya kisimani kabla hajajua njia ya shule. Alisoma mpaka darasa la saba, akaolewa huku Bariadi, akazaa wanne ambao sasa walikuwa wanajitegemea mbali, mumewe akafa kwa homa mwaka wa njaa. Hakurudi kwao. Alibaki na mama mkwe wake, Ng'washi, bibi mwembamba ambaye macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa samadi aliyokuwa akiwashia jiko. Wawili hao walipendana kwa namna ya watu wasiosemezana sana. Mmoja akikoka moto, mwingine anatwanga.

Mwaka 1996, mwezi wa saba, Nyamizi alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Siku moja alinunua dagaa wa fungu, wakafungiwa kwenye gazeti, moja ya yale magazeti mapya ya watu binafsi yaliyokuwa yakifika Bariadi yakiwa yamechelewa wiki nzima. Alipowamwaga dagaa kwenye ungo akaanza kusoma karatasi, maana hakuwa na kawaida ya kutupa maandishi kabla hajayasoma. Kulikuwa na tangazo. Gazeti lilitaka wanawake kumi kutoka mikoa kumi, wenye miaka ishirini hadi arobaini na mitano, wapande Mlima Kilimanjaro na kufika kileleni siku ya Uhuru, tarehe tisa Desemba, taifa likitimiza miaka thelathini na mitano. Wa Mkoa wa Shinyanga, ambao Bariadi ilikuwa wilaya yake wakati ule, wangepimwa Shinyanga mjini mwezi wa kumi. Na chini kabisa mwandishi alikuwa ameongeza maneno: "Hasa tunawakaribisha akina mama wa nchi za tambarare, kama wapo wanaothubutu."

"Kama wapo," Nyamizi alisema kwa sauti.

"Nani?" Ng'washi akauliza toka jikoni.

"Hapa gazetini, mayu," alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma. "Wanauliza kama tupo."

Aliitoa ile karatasi harufu ya dagaa kwa kuianika juani, akaikunja, na usiku huo akaandika barua. Hakumwambia mtu. Kwa nini aliandika, hata yeye alipoulizwa baadaye alieleza tofauti kila mara. Mara moja alisema alichoka kusikia kwamba mwanamke wa miaka arobaini kazi yake ni kungoja wajukuu. Mara nyingine alisema ni lile neno "wanaothubutu", lililomwasha kama upupu.

Jibu lilikuja baada ya wiki tano: aje Shinyanga Jumamosi ya pili ya Oktoba, na awe na cheti cha afya.

Cheti ndicho kilichokaribia kumkwamisha. Muuguzi wa zahanati aliitwa Wilhelmina, mwanamke wa Rombo aliyeletwa na kazi Bariadi akaizoea. Alimchoma kidole, akalinganisha tone la damu na karatasi yake ya rangi.

"Mama Nyamizi, damu yako haitoshi. Asilimia hamsini na tano. Unashindiliaje pamba na damu hii?"

"Nashindilia tu."

"Sikiliza. Mimi nimezaliwa chini ya ule mlima. Kule kwetu tunautazama kila asubuhi, na wengi wetu hatujawahi kuupanda, kwa sababu tunaujua. Huko juu hewa ni nyepesi. Unavuta, unavuta, hushibi. Mtu mwenye damu nzuri anaumwa kichwa, anatapika. Wewe na hii damu utazimia njiani."

"Kwa hiyo hunipi cheti."

"Leo sikupi." Wilhelmina alifungua kabati, akatoa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu. "Nakupa wiki saba. Meza hivi kila siku. Maini siku ya mnada, hata kipande. Mboga za majani kila mlo, mlenda, nsansa, chochote cha kijani. Na ukapande kitu. Chochote kilicho juu, panda kila siku, taratibu, bila kusimama. Mlima haumwogopi mwenye mbio, unamheshimu mwenye mwendo. Ukirudi nitapima. Ikikataa, nitakataa."

Kupanda kitu, Bariadi! Nchi yote ile imelala chali kama ng'ombe aliyeshiba. Lakini nyuma ya kijiji palikuwa na jabali, mawe makubwa yaliyopandiana, refu kiasi kwamba ukisimama juu unaona mabati ya mjini yaking'aa. Nyamizi akaamua kulipanda mara tatu kila alfajiri kabla ya kwenda kituoni, akiwa na ndoo ya lita ishirini kichwani. Maji yangemwagika, kwa hiyo alijaza mchanga. Siku ya kwanza alishindwa kumaliza mara ya pili. Moyo ulimpiga hadi masikioni, akakaa juu ya jiwe akitapika uji aliokunywa. Aliyezoea kukanyaga kumbe hajazoea kupanda. Wiki ya pili alimaliza mbili. Wiki ya nne alimaliza tatu, akashuka akiwa na pumzi ya kuimba.

Ng'washi aliyajua yote wakati huo, na hakuyapenda.

"Mlima una wenyewe," alisema. "Hata kilima kidogo kina wenyewe. Huendi tu kwa watu usiowajua ukawakanyaga kichwani."

"Nitawasalimia kwanza, mayu."

"Unacheka. Mimi siogopi wa huko juu peke yao. Naogopa wa hapa chini."

Na wa hapa chini ndio waliokuja. Mchungaji mmoja wa ng'ombe alikuwa amemwona: mwanamke peke yake, kabla jua halijatoka, amebeba ndoo, anapanda jabali, anashuka, anapanda tena. Habari ilipita kwenye visima na vilabu vya pombe, na kila ilipopita iliongezewa kipande. Ikasemwa yuko uchi. Ikasemwa ndani ya ndoo mna vitu. Ikasemwa anafundishwa na yule bibi wa macho mekundu. Miaka miwili nyuma, kijiji cha jirani, bibi kizee mmoja alichomewa nyumba na kufukuzwa, akiitwa mchawi kwa sababu ya macho kama hayo, na moshi uliomharibu macho haukuulizwa.

Ijumaa moja jioni filimbi za sungusungu, walinzi wa kijiji, zilipulizwa. Nyamizi na Ng'washi waliitwa mbele ya watu kwenye uwanja wa ghala la zamani la ushirika. Wanaume walisimama na pinde na mishale yao. Kamanda wao, Masele, mtu wa miaka hamsini aliyekuwa na ng'ombe wengi na maneno machache, alikaa kwenye kigoda. Ng'washi alimshika Nyamizi mkono.

"Nyamizi wa Salu," Masele alisema, "unafanya nini juu ya jabali alfajiri?"

"Najifunza kupanda, kamanda."

"Kupanda nini?"

"Mlima. Kilimanjaro."

Watu waliguna. Sauti moja nyuma ikasema, "Mwongo! Kilimanjaro iko Moshi!"

Nyamizi akatoa barua ya gazeti kifuani, lakini Masele hakuipokea. Hakujua kusoma, na hakutaka kusomewa mbele ya watu. "Karatasi yoyote inaandikika," alisema. "Ndani ya ndoo mna nini?"

Hapo Nyamizi alihisi hofu ikimtoka na hasira ikiingia mahali pake, hasira tulivu, ya mtu aliyefanya kazi ya haki.

"Kamanda, mimi sitasema. Kesho alfajiri njoo na watu wako wote. Ndoo utaibeba wewe. Ukiifikisha juu bila kupumzika, mimi na mama tunahama kijiji hiki siku hiyo hiyo. Ukipumzika, niache niibebe mimi, na usinitie tena mdomoni mwa watu."

Kicheko kidogo kilipita, kikakatika. Masele akainuka kwenye kigoda. "Kesho," alisema.

Usiku huo Ng'washi hakulala. Alikuwa ametia khanga yake na kibuyu cha mtindi kwenye kikapu, tayari kwa kuhama.

Kesho yake watu walijaa chini ya jabali kama siku ya ngoma. Masele alivua viatu, akajitwisha ndoo, akaanza, Nyamizi na wanaume wachache nyuma yake. Alianza vizuri, mkubwa wa watu, mgongo wima. Walipofika kwenye jiwe la tatu mwendo ukawa mzito. Kwenye lile jiwe lenye mpasuko, ambalo Nyamizi mwenyewe alilichukia, Masele alisimama. Akaishusha ndoo. Akakaa. Kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka kama mivukuto ya mhunzi, na jasho lilimtiririka hadi kwenye ndevu.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Masele aliingiza mkono ndani ya ndoo, akachimbua mpaka chini, kisha akaiinamisha yote ikamwagika juu ya jiwe.

"Mchanga," alisema. Akapepeta kwa vidole. "Mchanga mtupu." Kisha yeye mwenyewe ndiye aliyeanza kucheka, na mbavu zikamuuma kwa kukosa pumzi.

Nyamizi akaujaza mchanga tena kwa viganja, taratibu, akajitwisha ndoo mbele yao wote na kuendelea. Hakukimbia. Alipofika juu aligeuka, akawaona wanaume na mishale yao wakiwa wadogo huko chini, na Ng'washi katikati yao amekaa juu ya kikapu chake.

Aliposhuka, Masele alikuwa amesimama.

"Sikilizeni," aliwaambia watu. "Mchawi hafanyi kazi ngumu namna hii. Mchawi anataka vya bure. Kuanzia leo, atakayemtaja Nyamizi au mama yake kwa jambo hili atakuja kuibeba ndoo hii mbele yangu." Akavua filimbi shingoni mwake, akampa Nyamizi. "Na wewe, kila ukifika juu, puliza. Watu wajue ni nani."

Basi kwa wiki zilizobaki kijiji kikawa kinaamshwa na filimbi. Wanawake walianza kuhesabu: moja, bado mbili. Ikichelewa, waliulizana kulikoni. Baadhi ya wasichana wakaanza kupanda naye, wakipiga soga mpaka jiwe lenye mpasuko, kisha soga inakwisha yenyewe.

Wilhelmina alipopima tena, tone lilikuwa na rangi nyingine. "Themanini," alisema, akaandika cheti kwa herufi kubwa kuliko kawaida yake.

Shinyanga walifika wanawake ishirini na watatu. Walitakiwa kutembea kilomita thelathini juani wakiwa na mzigo wa kilo kumi. Mwalimu mmoja wa michezo, binti mrefu mwenye viatu vya kukimbilia, alitangulia akapotea mbele. Nyamizi alikwenda mwendo wake. Kilomita ya kumi na tisa alimkuta yule binti kivulini, amemwagiwa maji, anapepewa. Nyamizi alisimama akampa pole, akampa na kipande cha michembe, viazi vikavu alivyokuwa anatafuna njiani, kisha akaendelea. Alifika wa pili. Wa kwanza alikuwa mwanajeshi, naye daktari alimkuta na mimba ya miezi mitatu. Kwa hiyo jina lililosomwa jioni lilikuwa Nyamizi Salu, Bariadi.

Sasa yalibaki mavazi, kwani barua ilisema kila mmoja aje na viatu imara na koti la baridi kali. Koti la baridi kali Bariadi! Alikwenda sokoni kwa Rehana, mwanamke mwenye asili ya Ujiji aliyeuza mitumba tangu ruhusa ilipotoka. Rehana alisikiliza, akapiga makofi mara moja, akainuka.

"Unaona nilichokalia?"

Alikuwa amekalia koti. Koti nene la buluu lenye manyoya ya ndege ndani, lililovimba kama mto.

"Hili nililikuta ndani ya robota mwaka jana. Nikalitundika mwezi mzima. Watu wanalipapasa, wanacheka, wanakwenda zao. Nani atalivaa hapa, mbuzi? Nikasema basi, litanifaa kwa makalio. Mwenyezi Mungu alikuwa analiweka kwa ajili yako, mama. Vaa."

Nyamizi alivaa katikati ya soko, saa saba mchana. Jasho lilimtoka papo hapo, na wauza nyanya wakaja kutazama. Buti walizipata kwenye rundo jingine, za kiume, namba arobaini na mbili, soli nzima kabisa, kubwa kwa vidole viwili.

"Utaweka nini mbele?" Rehana aliuliza.

"Pamba," Nyamizi alisema, na wote wawili wakaangua kicheko. Rehana hakutaka kulipwa koti. Buti alipunguza mpaka ikawa kama kamgawia.

Zile buti zilimtesa. Siku nne za kwanza zilimchubua visigino mpaka damu. Akapaka mafuta ya ng'ombe ndani na nje, akazivaa kwenda shambani, kisimani, na hata kanisani, na jabalini kila alfajiri, mpaka ngozi ya kiatu na ngozi ya mguu zikaelewana. Mwishoni mwa Novemba aliweza kupanda jabali mara sita na ndoo yake, na pumzi ikabaki.

Siku ya kuondoka Ng'washi alimwita nyuma ya nyumba. Alichukua maji kwenye kibuyu, akayatia mdomoni, akampulizia kifuani na miguuni kama walivyofanyiwa wanaume waendao safari za mbali.

"Nimekutaja kwa wazee wetu wote," alisema. "Na wale wa huko, wasiotujua, nimewaambia wewe ni mwanangu. Sikusema mkwe."

Nyamizi alipanda lori la pamba kwenda Shinyanga.

Mlimani walipanda siku nne. Siku ya kwanza msituni na ya pili kwenye majani makavu, Nyamizi hakuona ajabu isipokuwa baridi. Siku ya tatu, katika nchi ya mawe isiyo na hata kichaka, kichwa kilianza kumuuma kama kimefungwa kamba. Wanawake wanne waliteremshwa. Alikunywa maji kama walivyoambiwa na waongozaji, akajilazimisha kula michembe hata pale tumbo lilipokataa, akatembea kwa mwendo ambao nyumbani angeuonea aibu.

Safari ya mwisho huanza usiku wa manane, changarawe zikiwa bado zimegandishwa na barafu. Hata hivyo ziliteleza. Ukipiga hatua mbili, moja inarudi. Taa za wenzake zilikuwa mstari mrefu gizani, na hewa ilikuwa kama alivyoambiwa na Wilhelmina: unavuta, hushibi. Mwanamke wa Lindi aliyekuwa mbele yake alikaa chini, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba yeye amefika, wengine waendelee.

"Hapa si kufika," Nyamizi alimwambia. "Inuka. Hesabu hatua ishirini, kisha tutasimama."

"Siwezi ishirini."

"Kumi basi. Nipe mfuko wako."

Walikwenda kumi kumi. Saa nyingine Nyamizi alimsukuma mgongoni, saa nyingine yule wa Lindi alimvuta yeye. Mara tatu Nyamizi alitapika, mara tatu akafuta mdomo na kushika tena mkono wa mwenzake. Hawakuzungumza tena isipokuwa kuhesabu, mmoja akianza na mwingine akimalizia, mpaka mwongozaji akawaambia wageuke watazame nyuma. Kulikuwa kunapambazuka. Mawingu yalikuwa chini yao, mekundu, yameenea kama nchi nyingine, na jua lilikuwa linatoka chini ya miguu yao.

Saa mbili kasoro asubuhi ya tarehe tisa Desemba, wanawake sita kati ya kumi walisimama kileleni kandokando ya barafu. Mpiga picha aliwapanga. Wengine walilia, wengine waliimba wimbo wa taifa kwa pumzi za vipande vipande. Nyamizi hakuwa amepanga chochote cha kusema. Alijikuta ameinua mikono yote miwili, na sauti ikamtoka, ya kuiamkia nchi nzima iliyokuwa chini yake:

"Mwangalukaaa!"

Mwongozaji, Mchagga wa makamo, akauliza amesema nini.

"Nimewasalimu," Nyamizi alisema. "Kwetu hatupiti juu ya watu bila salamu."

Gazeti liliwapeleka Dar es Salaam kwa sherehe, kisha kila mmoja akarudishwa kwao. Yeye alipandishwa treni ya Mwanza, akateremka Malampaka siku ya tatu, pua imebambuka kwa baridi na jua, midomo imepasuka. Jukwaani palikuwa na watu wa kawaida wa stesheni, wauza karanga na wapakua mizigo. Na katikati yao, amesimama kwa fimbo, akiwa na vumbi la safari ya mbali, Ng'washi. Maishani mwake mwote bibi huyo hakuwa amewahi kufika kwenye reli. Masele alikuwa amemleta kwa lori, pamoja na vijana wanane wa ngoma waliokuwa tayari wamekwishawatia wasiwasi wafanyakazi wa stesheni.

Ngoma ililia. Nyamizi alitaka kupiga magoti, Ng'washi akamzuia, akamshika mashavu yaliyochubuka na kumgeuza geuza uso kama anayemkagua ndama mnadani.

"Umechakaa," alisema.

"Nimechakaa, mayu."

"Uliwaona, wenyewe?"

"Sikuwaona. Lakini waliniacha nipite."

Ng'washi aliitikia kwa kichwa taratibu, akaridhika. Kisha bibi yule aliyesemwa kwa macho yake mekundu akamgeukia mkuu wa stesheni, ambaye hakuwa amemjua hata kwa sura, akamwambia kwa sauti iliyopita juu ya ngoma, "Baba, huyu unayemwona ni mwanangu. Ametoka juu ya Kilimanjaro," na akaanza kucheza.